KUUMENI NA KUKENI: NASABA YA KASISI EDWARD STEERE IKITAZAMWA KUTOKA MUKUYUNI

Utangulizi

Katika Makueni, nchini Kenya, kuna mahali paitwapo Mukuyuni. Jina hilo halimpi taabu msomaji wa Kiswahili: ni mkuyu, likiongezewa kiambishi tamati cha mahali. Wakamba hutamka mũkũyũ, kwa irabu ambayo Kiswahili hakina, lakini mzizi ni mmoja, na -ni yao ni ndugu ya -ni yetu. Tena, Ukambani miti ya jamii ya mkuyu haikuwa miti ya kivuli tu. Ilikuwa desturi kuiacha isikatwe penye ithembo, yaani mahali pa kutolea sadaka, ambapo wazee walimwomba Mungu na kuwakumbuka wahenga. Basi atajaye mkuyu huko hutaja pia waliomtangulia.

Makala haya yanakusudia kutazama, tukiwa chini ya mti huo, jambo lionekanalo kuwa la mbali sana: nasaba ya kasisi Mwingereza wa karne ya 19, Edward Steere, aliyekuwa askofu wa tatu wa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati (UMCA), na mtungaji wa A Handbook of the Swahili Language, kitabu kilichochapishwa mwaka 1870. Huenda msomaji akauliza: Steere hakufika Ukambani, Mukuyuni pana haki gani juu yake? Jibu ni kwamba Kiswahili kifundishwacho leo katika shule za Makueni ni Kiswahili Sanifu, na Kiswahili Sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, lahaja ambayo Steere aliieleza kwa utaratibu kuliko wote waliomtangulia. Mtoto wa Mukuyuni afunguapo kitabu cha sarufi hupokea urithi uliopitia mikononi mwa kasisi huyo. Na Ukambani, mtu apokeapo urithi huulizwa kwanza ukoo.

Hoja yetu ni hii. Kitabu cha lugha, kama alivyo mtu, kina kuumeni na kukeni. Upande wa kuumeni wa vitabu vyetu vya kwanza umeandikwa na kuandikwa tena. Upande wa kukeni umeachwa, na kuachwa huko kumepotosha historia ya taaluma yetu.

Maneno ya nasaba

Yafaa tuanze na maneno yenyewe. Kiswahili kina hazina kubwa ya istilahi za uhusiano wa damu. Nasaba na kabila ni maneno yaliyotoka katika Kiarabu. Ukoo ni la Kibantu. Mlango na tumbo ni maneno ya vitu vinavyoonekana, ambayo Waswahili waliyapa maana ya pili: mlango ni tawi la ukoo, na watoto wa tumbo moja ni wale wa mama mmoja. Juu ya hayo wapo kuumeni na kukeni, maneno mawili yanayogawa ndugu wote wa mtu katika pande mbili, ule wa baba na ule wa mama, na kumkumbusha kwamba hana upande mmoja tu.

Wakamba nao wana mbaĩ, yaani ukoo mkubwa unaofuata upande wa baba, kama vile Atangwa, Aombe, Anzauni na Akitondo. Watu wa mbaĩ moja hawaoani, hata kama hawajui ni babu yupi hasa aliyewaunganisha. Wana pia mũsyĩ, ambao ni mji wa mtu na watu wake. Mtoto huingia katika mbaĩ ya baba. Hata hivyo desturi ya kutoa majina haimruhusu kumsahau mama: mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu yake mzaa baba, na wa pili huchukua la babu mzaa mama. Kwa njia hiyo majina ya pande zote mbili hurudi nyumbani kila kizazi.

Tofauti na desturi ya Kiingereza yaonekana mara moja. Jina Steere lilirithiwa kutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Mama yake askofu alizaliwa akiitwa Esther Ball. Alipoolewa, Ball likafutika katika jina lake na katika majina ya wanawe. Yeyote aonaye Steere katika jalada la kitabu aona kuumeni peke yake. Hili ni jambo dogo katika maisha ya mtu mmoja, lakini tutaona kwamba ndivyo pia kitabu chake kilivyotendewa.

Kuumeni kwa Steere

Edward Steere alizaliwa London mwaka 1828. Baba yake, William Steere, alikuwa mwanasheria katika mahakama ya Chancery, mahakama ambayo mashauri yake mengi yalihusu urithi, wasia na amana. Kwa maneno mengine, kasisi wetu alizaliwa katika nyumba ambayo chakula chake kilitokana na magomvi ya nasaba za watu wengine.

Mwana alifuata njia ya baba. Alisoma katika University College, London, akapata shahada ya kwanza mwaka 1847, shahada ya sheria mwaka 1848, na udaktari wa sheria mwaka 1850. Mwaka huohuo alikubaliwa kuwa wakili katika Inner Temple. Yafaa ikumbukwe kwamba chuo hicho kilianzishwa mwaka 1826 bila kumtaka mwanafunzi akiri imani ya kanisa la Uingereza, wakati ambapo Oxford na Cambridge zilikuwa bado zimefungwa kwa wasiokuwa wafuasi wa kanisa hilo. Misheni aliyokuja kuitumikia ilizaliwa na Oxford, Cambridge, Durham na Dublin. Steere basi aliingia katika Misheni ya Vyuo Vikuu akitoka katika chuo kisichokuwa miongoni mwa vyuo hivyo.

Aliacha sheria, akapewa daraja ya ushemasi mwaka 1856, na mwaka 1858 akawa kasisi msaidizi wa parokia ya Skegness, Lincolnshire. Rafiki yake William George Tozer alipochaguliwa kuwa askofu wa misheni baada ya kifo cha Askofu Mackenzie, Steere alifuatana naye. Baada ya shida za bonde la mto Shire, wakahamia Unguja mwaka 1864. Huko akakaa, pamoja na vipindi vya kurudi kwao, mpaka alipofariki Agosti 1882.

Je, nasaba hii yatusaidia kukielewa kitabu? Kwa kiasi fulani, ndiyo. Handbook si kazi ya mtu mwenye shauku ya kuonyesha elimu. Kila aina ya neno yapewa maelezo mafupi ya sarufi, kisha yafuatwa na orodha ya maneno. Sehemu ya pili ni msamiati wa Kiswahili kwa Kiingereza. Ni mpangilio wa mtu aliyefunzwa kuandaa hati ili mwingine aitumie: kanuni kwanza, kisha mifano, na kila kitu mahali pake. Aidha Steere alikuwa amejifunza uchapaji tangu ujana wake Uingereza, akauleta ufundi huo Unguja. Huyu hakuwa mtunzi tu. Alijua pia kupanga herufi.

Lakini tusiupe ukoo uwezo usio wake. Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walikuwa wote wana wa wakulima wa Württemberg, wote walifunzwa Basel, wote walitumwa na chama cha Kiingereza cha CMS, na waliishi pamoja Rabai tangu mwaka 1846. Hata hivyo walitofautiana sana. Krapf alitaka mlolongo wa vituo kutoka bahari hii hadi bahari ile, na Rebmann aliona afadhali kukaa mahali pamoja na kuchimba. Asili moja haikuwapa nia moja.

Krapf na Ukambani

Kwa kuwa tumemtaja Krapf, hatuna budi kusimama naye kidogo, maana ndiye anayeunganisha makasisi wa pwani na nchi ya Mukuyuni. Hakuwa Mwingereza. Alizaliwa Derendingen, karibu na Tübingen, mwaka 1810, na habari za utoto wake zajulikana kwa sababu alizisimulia mwenyewe katika kitabu cha safari zake kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1858 na kwa Kiingereza mwaka 1860. Twasoma humo jinsi alivyopigwa na jirani akiwa mtoto kwa kosa asilolitenda, akaugua muda mrefu, na katika kuugua akazama katika kusoma. Twamjua baba, shamba, shule na maradhi.

Mwishoni mwa mwaka 1849 Krapf alisafiri kutoka Rabai hadi Kitui, akapokewa na Kivoi wa Mwendwa, tajiri na kiongozi wa misafara ya pembe. Tarehe 3 Desemba 1849 aliuona mlima wenye theluji ambao Wakamba walikuwa wamekwisha kumweleza, na jina alilolisikia kwao ndilo lililozaa Kenya, ingawa Wagikuyu wauita Kĩrĩnyaga. Alirudi Ukambani mwaka 1851 akitaka kuanzisha kituo Yata. Katika safari ya kwenda mto Tana msafara ulishambuliwa, Kivoi akauawa, na Krapf akaponea chupuchupu. Alipofika mtoni alijaza maji katika mfuko wa ngozi wa darubini yake na katika mitutu ya bunduki, akarudi akitembea usiku.

Mwaka 1850, kati ya safari hizo mbili, vilitoka Tübingen vitabu viwili vinavyouhusu Ukambani moja kwa moja: Vocabulary of Six East-African Languages, ambamo Kikamba kimewekwa bega kwa bega na Kiswahili, na tafsiri ya Injili ya Marko kwa Kikamba. Kikamba hicho Krapf alikipata wapi? Alikipata kwa Wakamba waliokuwa wakikaa na kufanya biashara karibu na Rabai tangu ukame wa miaka ya 1830, na kwa wale waliompa moto na maji njiani. Naye Kivoi, ambaye kwa Krapf alikuwa mlango wa nchi nzima, yumo katika kitabu kama mtu mwenye mali na sauti. Lakini nasaba yake imo katika neno moja dogo, wa, lililo kati ya Kivoi na Mwendwa.

Kihusishi hicho kidogo ndicho kiungo cha nasaba katika lugha zetu nyingi. Mwarabu husema bin, Mswahili husema wa au bin, na Mkamba husema wa. Mwandishi wa kigeni aliposikia Kivoi wa Mwendwa alidhani amesikia jina. Kumbe alikuwa amesikia sentensi ya kwanza ya historia, ambayo kama angeuliza zaidi, ingeendelea.

Kukeni: waliofundisha

Sasa turudi Unguja. Katika dibaji ya Handbook, Steere anawashukuru waliomfundisha. Miongoni mwao yumo Hamisi wa Kayi, kijana ambaye Steere anamsifu kwa wepesi wake wa kufahamu swali la mgeni. Sifa hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kufahamu swali la mtu ambaye bado hajui jinsi ya kuuliza ni kazi ya mwanaisimu. Hamisi alipaswa kuitazama lugha yake kutoka nje, kukisia mgeni anatafuta kanuni gani, na kumpa mfano utakaoidhihirisha. Kanuni iliyochapwa ikawa ya Steere, na mfano uliosahihisha kanuni ulikuwa wa Hamisi. Linganisha nafasi waliyopewa wawili hao. Miaka sita tu baada ya kifo cha Steere, R. M. Heanley alitoa kitabu kizima cha maisha yake, mwaka 1888. Hamisi alibaki na mistari michache ya dibaji.

Hali ilikuwa hivyohivyo Mombasa. Kasisi William Ernest Taylor, aliyechapisha African Aphorisms mwaka 1891, aliufikia ushairi wa Muyaka bin Haji kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki mwaka 1890. Bila Mwalimu Sikujua sehemu kubwa ya tungo za Muyaka ingepotea pamoja na wazee waliozikumbuka.

Lakini lipo kundi la tatu, nalo ndilo linalotupasa kulitafakari zaidi. Tozer na Steere walipofika Unguja mwaka 1864, Sultani Majid aliwapa wavulana watano waliokuwa wamekamatwa katika jahazi la watumwa. Hao ndio walikuwa wanafunzi wa kwanza wa shule ya misheni, na wengine wengi walifuata kutoka majahazini. Walitoka kwa Wayao, Wanyasa, Wamakonde na wengineo. Kwa Steere walikuwa wanafunzi, na kwa wakati uleule walikuwa walimu, kwa maana kutoka kwa watu wa namna hiyo waliokusanywa Unguja aliweza kuandika mikusanyo ya lugha za bara, Kiyao kikiwemo, ambacho kitabu chake kilitoka mwaka 1871. Mmoja wa wale wa kwanza, John Swedi, alipewa daraja ya ushemasi mdogo mwaka 1870, mwaka uleule wa Handbook.

Tuangalie hali ilivyokuwa ndani ya chumba hicho. Upande mmoja wa meza ameketi mtu mwenye baba, mama, chuo na parokia, kila kimoja kikiwa na tarehe yake katika daftari la kanisa au la chuo. Upande wa pili ameketi mtoto ambaye utumwa umemkata nasaba. Utumwa ulimnyang'anya mtu ukoo kabla ya kumnyang'anya nguvu zake: alipewa jina jipya na aliyemuuza, jina jingine na aliyemnunua, na la tatu na aliyembatiza. Kitu pekee cha kwao alichobaki nacho ni lugha, naye akaitoa, neno kwa neno, ikawekwa kitabuni. Kwa hiyo kitabu cha Kiyao cha mwaka 1871 kina kuumeni kunakojulikana mpaka mahakama ya Chancery, na kukeni kwake ni watoto walionyimwa hata jina la baba.

Neno mjomba lina fundisho hapa. Kwa Mswahili mjomba ni ndugu wa kiume wa mama, mtu wa kukeni, mwenye haki ya kumkaripia mpwa na wajibu wa kumsaidia. Wamijikenda waliwaita Waswahili Adzomba, yaani wajomba, na Wagikuyu nao wana neno Acomba kwa watu wa pwani. Jina hilo lilikuwa njia ya kumfanya mgeni wa biashara awe jamaa wa upande wa mama. Kama bara lilikuwa na hekima ya kumpa mtu wa pwani nafasi katika ukoo, taaluma yetu haina udhuru wa kuwanyima nafasi wajomba wa vitabu vyake.

Irabu za Mukuyuni

Yawezekana mtu akasema kwamba haya ni mambo ya adabu na shukrani, wala si ya isimu. Sivyo. Asili ya kitabu huacha alama katika lugha yenyewe. Kikamba kina irabu saba, Kiswahili kina tano. Herufi tano za Kirumi zilitosha kwa Kiswahili, na walioandika Kikamba mwanzoni walikuwa wengi wao wamekwisha kuzoea Kiswahili au walikuwa wakiandika lugha kadhaa pamoja. Mwaka 1885 vilitoka London vitabu viwili vya Waingereza wa CMS: msamiati wa mfukoni wa A. Downes Shaw, unaokiweka Kikamba pamoja na Kiswahili, Kinyika na Kitaita, na sarufi ya Kikamba ya J. T. Last. Mmisheni wa Leipzig, Ernst Brutzer, alifuata na kitabu chake cha Kikamba mwaka 1906. Baadaye tahajia ya ĩ na ũ ikatengenezwa, lakini ramani ilikuwa imekwisha kuandikwa.

Ndiyo maana hata leo kibao cha barabarani husema Mukuyuni, wala si Mũkũyũnĩ. Herufi u imebeba mzigo wa irabu mbili, na asiyejua Kikamba hana njia ya kuzitenganisha. Kosa hilo halikuwa katika kinywa cha mzee wa Kikamba aliyelitaja jina. Lilikuwa katika herufi za aliyeandika. Anayejua asili ya maandishi ataweza kutofautisha baina ya fonolojia ya Kikamba na fonolojia ya sikio la mwandishi. Asiyeijua atajenga nadharia juu ya makosa ya kalamu.

Ndivyo ilivyo pia kwa lahaja. Krapf na Taylor walikaa upande wa Mombasa. Steere alikaa Unguja. Mwaka 1928 Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa usanifishaji, na Kamati ya Lugha ilipoanza kazi mwaka 1930, mlango mmoja wa ukoo ulipewa urithi, na mlango wa Kimvita, wenye ushairi mwingi na mkongwe, ukawekwa kando. Sababu zilikuwa nyingi, za utawala na za shule. Hata hivyo kuwapo kwa vitabu vya UMCA vilivyokwisha kupangwa na kuchapwa kuliipa Unguja nguvu. Mtoto wa wakili aliacha hati iliyokuwa tayari, na mwenye hati, kama ijulikanavyo mahakamani, huanza shauri akiwa mbele.

Hitimisho

Yatokanayo na haya ni ya kivitendo. Ukambani nasaba haikuhifadhiwa kwa ajili ya fahari. Ilihifadhiwa ili watu wasioane kimakosa na ili ardhi ipate mwenyewe. Hata sheria ya Kenya ya kuamua haki za ardhi, ya mwaka 1968, ilihitaji ushuhuda wa wazee wajuao nani alilima wapi na ni mwana wa nani. Kwa wazee hao nasaba ni ushahidi. Nasi pia tuitumie hivyo. Kila mtafiti arekodipo neno, hadithi au wimbo, aandike si jina la msimulizi tu, bali pia wazazi wake wa pande zote mbili, ukoo wake, alikozaliwa na alikojifunza lugha anayoisema, kwa idhini yake. Na kila tunapofundisha historia ya sarufi ya Kiswahili au ya Kikamba, tutaje dibaji kabla ya sura ya kwanza, maana mara nyingi walimu wamefichwa humo.

Njia hiyo haimpunguzii Steere kitu. Kwa desturi ya Mukuyuni mtoto ni wa mbaĩ ya baba, na kitabu kitaendelea kuitwa kwa jina la aliyekipanga na kukichapa. Wala si kwamba Ukambani umebaki kuwa mahali pa kuulizwa maswali tu. John Mbiti, aliyezaliwa Kitui mwaka 1931 na kufariki mwaka 2019, alikuwa kasisi wa Kianglikana na msomi wa Cambridge. Alitoa msamiati wa Kiingereza na Kikamba mwaka 1959 na Akamba Stories mwaka 1966, kisha akaitafsiri Agano Jipya kwa Kikamba. Kwake yeye kasisi na mwenye lugha ni mtu mmoja, na kuumeni na kukeni kwa kitabu vimekutana katika nyumba moja.

Steere alifariki mwaka 1882, mwaka uleule kamusi ya Krapf ilipochapishwa London, Krapf mwenyewe akiwa amefariki mwaka uliotangulia. Alizikwa nyuma ya altare ya kanisa kuu la Mkunazini, alilolijenga mahali palipokuwa na soko la watumwa, na jina lake lasomeka hapo. Waliouzwa mahali hapo hawakuandikwa majina. Lakini baadhi ya maneno yao yamo vitabuni, na mwenye kuyasoma ana deni la kuuliza yalikuwa ya mwana wa nani.